Final Fantasy X kwa sauti za Kijapani: Yuna alisema asante

Wakuu, hii rivyu imechelewa kwa sababu nilitaka kwanza nimalize gemu yote mpaka mwisho, sio nicheze masaa mawili alafu nianze kuandika, na gemu yenyewe ni ndefu jamani, imekula wikiendi zangu za mwezi mzima na usiku mwingi tu wa katikati ya wiki.

Ninayoiongelea ni Final Fantasy X, gemu ya hadithi kutoka Japani, toleo la HD Remaster (lililosafishwa picha) la kompyuta, lile lililotoka Steam, duka la gemu la mtandaoni, mwezi wa tano 2016 likiwa limefungwa pamoja na X-2, mwendelezo wake. Ila sikuicheza inavyokuja. Nimeicheza kwa maandishi ya Kiingereza na sauti za Kijapani, zile sauti za mwanzo kabisa za 2001, na hapo ndo kuna habari yenyewe. X-2 siigusi hapa, nimeionja mwanzo tu.

Niseme msimamo wangu mapema. Sauti za Kijapani zimeifanya gemu ninayoijua tangu mdogo iwe nzuri zaidi ya nilivyowahi kuijua. Lakini kazi ya kuzirudisha imeishia nusu ya njia, maana sauti zimerudi alafu maandishi ya chini yamebaki yale yale yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wengine kuyatamka. Ukicheza unakuwa na hadithi mbili kwa wakati mmoja, moja sikioni moja machoni, na kuna sehemu hizo mbili hazikubaliani kabisa.

Mi hii gemu niliikuta Tanga nikiwa darasa la sita. Mjomba alirudi kutoka Muscat na PS2 na diski kadhaa, za mpira na za magari, na hii moja ambayo hakuna aliyeitaka. Wenzangu wakishachoka mpira wanaenda kuoga, mi ndo naiweka. Nilijua hija kwa Kiingereza inaitwaje kwa sababu ya Yuna, msichana wa humo anayekwenda hija, kabla mwalimu hajatufundisha. Kwaiyo sauti za Kiingereza za gemu hii sizichukii hata kidogo, James Arnold Taylor ndo alikuwa sauti ya Tidus wangu, kijana unayemcheza, kwa miaka yote hiyo, na John DiMaggio alivyomwigiza Wakka, mwenzao wa safari, ile lafudhi ya mtu wa visiwani na lile "ya" lake mwisho wa kila sentensi, mpaka leo naona ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Wale wanaosema kila dabi ya Kiingereza, yaani sauti zilizowekwa upya kwa Kiingereza, ni takataka mi simo.

Ila nilikuwa najua kitu hakikai sawa. Utotoni nilidhani Yuna ana kigugumizi. Anaanza sentensi, anasimama mahali pasipo na sababu, alafu anamalizia haraka haraka kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Nikaja kuelewa ukubwani kwamba tatizo halikuwa dada aliyeigiza, Hedy Burress. Tatizo ni kwamba midomo ya wale watu ilichorwa ikifuata Kijapani, na Final Fantasy X ndo ilikuwa ya kwanza kwenye mfululizo mkuu kuwa na sauti za kuongea, kwaiyo wakati wa kuipeleka nje hawakuichora midomo upya. Sentensi ya Kiingereza ilibidi iingie kwenye mda ule ule wa sentensi ya Kijapani. Kijapani kikiwa kifupi, Kiingereza kinakimbizwa. Kijapani kikiwa kirefu, Kiingereza kinavutwa kama bigijii. Yuna anaongea kwa upole na kwa kujifikiria, kwaiyo yeye ndo aliumia kuliko wote.

Sasa kwa wasiojua haya mambo, kurudisha sauti za Kijapani kwenye gemu iliyotafsiriwa watu wanaita andabu, na ni kazi ya mashabiki ya tangu enzi za PS2. Ukiwa na diski ya Marekani na diski ya Japani, unatoa faili za sauti kwenye ya Japani unazipandikiza kwenye ya Marekani, maandishi unayaacha ya Kiingereza. Inaonekana rahisi ukiisema hivyo, ila faili zikitofautiana urefu gemu inaweza kuganda, au mtu anaongea wakati mdomo umeshafungwa. Na sio kila mara ni suala la kupenda Kijapani tu. Gemu ya Tales of Legendia kwa mfano, nusu ya pili ya hadithi Wajapani waliisikia kwa sauti, toleo la Kiingereza likaja na ile nusu ya pili iko kimya, unasoma tu. Hapo mtu anayerudisha sauti anarudisha kitu kilichokuwepo kikatolewa. Kampuni zenyewe siku hizi zimeamka, Final Fantasy XII The Zodiac Age inakupa lugha zote mbili unachagua mwenyewe, Persona 5 ilipotoka nje ya Japani 2017 ilitoa sauti za Kijapani bure kama nyongeza. Zamani mambo yalibanwa na nafasi ya diski na mikataba ya waigizaji, na nyingi za kipindi kile zimebaki hivyo hivyo.

Kilichonishangaza kwenye hii ya kompyuta ni kwamba sauti za Kijapani zimo humo humo kwenye faili ulizodaunlodi. Bando umeshalilipia, ziko ndani ya laptopu yako. Ila zimefungwa kwenye lugha ya maandishi, ukitaka Kijapani cha sikioni unachukua na Kijapani cha kusoma, na mi Kijapani cha kusoma siwezi. Ndo hapo inapoingia modi, yaani programu ya mashabiki ya kuibadilisha gemu, inayoitwa Untitled Project X. Hiyo inatenganisha vitu: sauti za maongezi kivyake, video kivyake, maandishi kivyake. Unaweka faili zake kwenye folda ya gemu, unafungua faili dogo la mipangilio kwa Notepad, kwenye mstari wa sauti unatoa alama ya Marekani unaweka ya Japani, unaseivu, basi. Hakuna kudaunlodi tena mabando ya sauti.

Mi nilikosea mara mbili, nawaambia msirudie. Kwanza niliziweka faili kwenye folda isiyo yake, gemu ikakataa kufunguka kabisa, nikakaa nusu saa natafuta kosa wakati kosa lilikuwa mbele ya macho. Pili nilibadilisha mstari wa sauti za maongezi nikasahau ule wa video. Video kubwa za gemu hii zina sauti yake ndani, kwaiyo nilikuwa naendelea vizuri na Kijapani changu, ghafla ikaja video moja wakaongea Kiingereza, video ikaisha wakarudi Kijapani. Inakata stimu vibaya sana. Badilisha yote kabla hujaanza, na ukopi folda yako ya seivu uiweke pembeni.

Haya, tuje kwenye gemu.

Inaanza na watu wamekaa kwenye moto, magofu nyuma, piano inapiga taratibu, hakuna anayeongea. Kijana, ndo Tidus, anainuka, anapanda kilimani, na unamsikia kichwani mwake. Kwa Kiingereza anasema sikilizeni hadithi yangu, huenda hii ni nafasi yetu ya mwisho. Nimeisikia hiyo sentensi maisha yangu yote. Sasa nimevaa hedifoni, taa nimezima, naisikia ya Kijapani: "Saigo kamo shirenai daro? Dakara, zenbu hanashite okitai nda." Kwa Kijapani changu cha kuokoteza kwenye katuni nikaisimamisha gemu nikaanza kuipanga neno kwa neno. Huenda ni mara ya mwisho, si ndiyo? Sasa ndo maana nataka niseme yote kabisa.

Mnaona hiyo tofauti? Ile ya Kiingereza ni mtu anaanza hadithi mbele ya watu, kama anasema paukwa. Hii ya pili ni kijana anaongea na wenzake wa karibu, hawaamrishi wasikilize, anawaomba radhi kidogo kwamba ana maneno mengi na mda hautoshi. Lile "daro" la katikati ni la mtu anayetafuta mwenzie akubaliane naye. Na Masakazu Morita, sauti ya Tidus ya Kijapani, analisema chini chini, sauti imechoka, kama mtu aliyekaa na hilo jambo siku nzima. Mi nilikuwa najua mwisho wa hadithi na bado nywele zilisimama. Alafu ile sentensi inarudi tena baadaye ukishafika pale magofuni kwa miguu yako, na hapo ukiisikia mara ya pili unajua kwa nini aliisema vile.

Morita kumbe hakuweka sauti tu, hata miondoko ya mwili ya Tidus aliifanya yeye. Ukishajua hivyo unaona mkono na sauti vinaenda pamoja, anavyojikuna kichwa akiwa hana jibu, anavyorusha mabega. Kwa Kiingereza yale mabega yalikuwa yanawahi au yanachelewa kidogo. Kitu kidogo sana, ila ukikisikia mara moja huwezi tena kutokukisikia.

Kwa wale wanaobishana jina lake linatamkwaje: kwenye gemu hii hakuna anayelitaja kwa sauti, kwa sababu mchezaji anaruhusiwa kumpa jina analotaka. Ukisikiliza kwa makini wanakwepa kwepa tu, wewe, yule, huyu. Kijapani linaandikwa Tiida, na tiida kwa watu wa Okinawa ni jua.

Yuna ndo amefaidika kuliko wote. Mayuko Aoki, sauti yake ya Kijapani, anamfanya msichana mpole ambaye upole wake sio udhaifu, vituo vyake viko mahali pake, anasita pale mtu yeyote angesita. Akiwa anawaaga watu wa kijijini kwake Besaid, kwa Kiingereza nilikuwa naona msichana anayekariri. Sasa hivi nikaona mtu anayejua harudi na hataki wazee wajue kwamba anajua. Maandishi hayajabadilika hata herufi moja! Ni pumzi tu zimebadilika.

Ile sehemu ya kucheka pale mji wa Luca ambayo watu wanaikata wanaisambaza kama kichekesho, Tidus na Yuna wanacheka kwa kulazimisha ha ha ha, naomba niwaambie hata kwa Kijapani ni ya kulazimisha hivyo hivyo. Ndo maana yake. Yuna amemfundisha kwamba msindikizaji, yaani anayemlinda kwenye hija, lazima atabasamu hata akiwa na huzuni, wakajaribu kucheka kwa nguvu, mpaka ile ya kulazimisha ikawaletea kicheko cha kweli. Mtu akikurushia kile kipande kama ushahidi wa dabi mbaya mwambie aitazame sehemu yote. Hapo waigizaji wa Kiingereza wamesingiziwa.

Sasa Jecht, baba yake Tidus. Hapa ndo nilipozima gemu nikatoka nje kupunga upepo. Jecht ni baba mlevi, mwenye sifa, anayemdhihaki mwanae kwamba ni mtoto wa kulialia. Kwa Kijapani Masuo Amada anamtania hivi: "Naku zo. Sugu naku zo. Zettai naku zo. Hora, naku zo." Ni neno moja limerudiwa mara nne kama wimbo wa watoto wa mtaani wanaomzunguka mwenzao. Utalia. Sasa hivi utalia. Lazima utalia. Haya, unalia! Kila aliyekulia uswahilini ameimbiwa kitu cha namna hii, mdundo ule ule kabisa, na baba akiuimba unauma mara mbili. Kiingereza kina maana ile ile, na Gregg Berger anakisema vizuri, lakini ule mdundo haupo na haukuwezekana kuwepo. Na mnapokutana naye mwisho, anamwambia mwanae umekuwa mkubwa, mtoto anamjibu bado wewe ni mkubwa zaidi. Amada anaiacha sauti yake itetemeke kidogo tu mwishoni, kidogo mno, kama mtu anayejikaza. Mi baba yangu ni wa aina hiyo hiyo, wa kutania kwanza na kupenda kimya kimya, kwaiyo labda siwezi kuwa hakimu mzuri apo.

Kuna jambo lingine ambalo sijawahi kuona mtu akiliongelea kwa Kiswahili na mi limenifurahisha kweli. Humo kuna kabila la Al Bhed, wana lugha yao, na Rikku, msichana mwingine wa msafara wa Yuna, ni wa huko. Ile lugha ni kinyume, wakuu. Kabisa kama kile kinyume tulichokuwa tunaongea shuleni ili walimu wasielewe, tofauti ni kwamba sisi tunageuza silabi wao wanabadilishana herufi. Kwenye toleo la Kiingereza A inakuwa Y, na zinaendelea hivyo mpaka mwisho, na kuna vitabu 26 vimetawanyika dunia nzima, kila ukiokota kimoja herufi moja inafunguka na maandishi yao yanaanza kusomeka pole pole. Kwa Kijapani wamefanya kinyume hicho hicho ila kwa herufi zao za Kijapani. Sasa ukiweka sauti za Kijapani juu ya maandishi ya Kiingereza unapata nini? Unapata Rikku anaongea kinyume cha Kijapani na chini kimeandikwa kinyume cha Kiingereza. Vitabu vyote 26 ukiviokota vinakusaidia kusoma tu, sikio halipati kitu. Ukiwa na dabi ya Kiingereza, mtu aliyezizoea zile herufi anaweza kulisikia neno na kulitambua. Hii andabu inakunyang'anya hiyo raha. Sio kosa la modi, hakuna namna ya kulitatua, ila ni hasara na nimeisikia, maana nilipokuwa mdogo nilikuwa nimezikariri herufi zote kwenye daftari la hesabu.

Na mapambano hayana maandishi. Hili ni tatizo la karibu gemu zote za namna hii, hata zile rasmi. Wakipigana wanapiga kelele, wanaitana, wanasema maneno mafupi mafupi, na hakuna sabtaito hata moja. Kwa mtu wa Kiingereza hakuhitaji sabtaito kwa sababu anasikia. Wewe uliyebadilisha unabaki na kelele. Sio mengi kwenye gemu hii, lakini yapo, na mengine yanaeleza urafiki wa hawa watu. Ningempa zawadi mtu atakayeyaandika.

Sasa mwisho. Ambaye hajacheza aruke aya kadhaa, ingawa gemu ina zaidi ya miaka 20.

Siku ya kumaliza nilikuwa na mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, alikuwa amekaa nyuma yangu kitandani na simu yake anajifanya hatazami. Tumefika kwenye ile meli ya angani. Tidus anaanza kufifia, inabidi aondoke. Yuna anamkimbilia amkumbatie, anapita katikati yake kama amepita kwenye moshi, anaanguka. Anasimama, amempa mgongo. Chini pameandikwa nakupenda, kwa Kiingereza. Na sauti ikasema neno moja.

Arigatou.

Mdogo wangu akashusha simu. "Kaka, kasemaje?"

"Soma hapo."

"Nimesoma. Lakini yeye kasema arigatou. Arigatou si asante?"

"Ni asante."

"Sasa mbona wameandika nakupenda?"

Nikamwambia subiri video iishe. Tukaitazama mpaka mwisho. Alafu tukakaa tunalijadili hilo neno mpaka saa saba usiku, mama akaja kugonga mlango.

Maelezo ni haya. Ile ilikuwa ni kazi ya makusudi ya Alexander O. Smith na wenzake waliotafsiri. Kwa Kijapani, asante inayotoka baada ya yote waliyopitia ni neno zito, ndani yake mna kila kitu. Kwa Kiingereza lile neno la asante limetumika sana dukani na kwenye basi, lingesikika jepesi, kama anamshukuru kwa kumsogezea kiti. Wakaamua kulitoa lililokuwa ndani waliweke nje. Kama mfasiri namuelewa, huenda kwa mtu wa Marekani ndo ilikuwa njia sahihi.

Lakini mi sio mtu wa Marekani. Kwetu asante haijapungua uzito kiasi hicho. Nimekaa nyumba moja na wazazi wangu miaka ishirini na sijawahi kumsikia mmoja anamwambia mwenzie nakupenda, na wanapendana. Babu yangu alipokuwa anaumwa mwishoni mwishoni, bibi alimshika mkono akamwambia asante mume wangu, asante kwa yote, tukaondoka chumbani sote kwa sababu tulijua hicho kilichosemwa sio cha kusikiliza. Mtu wa Kiswahili angeicheza ile video angesema asante tu, asingehitaji kubadilisha. Miaka yote nilikuwa nimepokea maneno ya Yuna yaliyozungushwa kupitia kwa watu ambao kwao hayakutosha, kumbe moja kwa moja kutoka Kijapani kuja kwetu yalikuwa yanatosha kabisa.

Ndo ninaposema kazi imefika nusu. Macho yanasoma moja, masikio yanasikia jingine, na gemu haikuambii. Mtu asiyejua hata neno moja la Kijapani ataipita ile sehemu akidhani arigatou ni nakupenda. Kuna andabu za gemu nyingine ambazo watu wamekaa wakaandika na maandishi upya yafuate sauti, na hiyo ndo kazi iliyokamilika. Hapa hujapewa hivyo. Unapewa sauti, mengine ujipange.

Najua swali linalokuja, nimeulizwa na marafiki wote: we Kijapani hujui, kinakusaidia nini? Mama yangu ametazama filamu za Kihindi tangu hajaolewa, Kihindi hajui, na ukimkuta analia hajakosea mahali pa kulia. Sisi watu wa pwani tumelelewa na sauti tusizozielewa. Mtu akiongea na mama yake anayekufa, sauti inajua hata kama wewe hujui. Ninachotaka ni pumzi ya yule aliyekuwepo wakati kitu kinatengenezwa, na maana nitaisoma chini. Hata waliotengeneza toleo la Kiingereza wenyewe walilijua hilo, maana ule wimbo wa kwenye chemchemi ya msitu wa Macalania, aliouimba RIKKI, walikiacha Kijapani chake hivyo hivyo kwenye toleo lao, na sijasikia mtu akilalamika kwamba hakuelewa. Watu walilia tu.

Na kingine kinachonifurahisha kwenye hii HD Remaster: Wajapani wenyewe walinyimwa. Mwanzoni mwa 2002 walitolewa toleo la International lenye maadui wapya na nyongeza nyingine, lakini lile toleo lilikuja na sauti za Kiingereza, wao wanasoma Kijapani chini. Kwaiyo Mjapani aliyetaka zile nyongeza alimsikia Yuna wa Kimarekani. Mpaka HD Remaster ilipotoka kwao Desemba 2013 ndo nyongeza na sauti zao vikakaa sehemu moja. Kwaiyo hata nyumbani kwao sauti zilihitaji kurudishwa.

Upande wa gemu yenyewe kwenye kompyuta sina mengi. Picha ni safi, nyuso za wahusika wakuu zimefanyiwa kazi upya na mi kuna wakati nazipenda zile za zamani zaidi, Tidus mpya anakodoa macho kama anafanya mtihani. Kuna kitufe cha kukimbiza mwendo mara mbili au mara nne, kinasaidia ukiwa unatafuta nguvu kwa kupigana pigana, ila usikiguse wakati watu wanaongea, utajiharibia kila kitu nilichokieleza hapa. Laptopu yangu ni ya kawaida ya ofisini na imeicheza bila kuhema. Hedifoni ni lazima, spika za laptopu zinaua ile minong'ono yote.

Kwa mtu anayeicheza mara ya kwanza kabisa ningemwambia aanze na Kiingereza, kwa ajili ya Al Bhed na mapambano, alafu arudie na Kijapani. Kwa aliyeimaliza zamani, asisite hata siku moja. Naipa nane kwa kumi, na hizo mbili nimezikata kwa ajili ya maandishi.

Mdogo wangu ameanza ya kwake juzi. Nimemkuta na daftari, kila sehemu ambayo sikio na maandishi havielewani anaandika alichosikia, kwa Kiswahili, anavyosikia yeye. Yupo Besaid bado. Ukurasa wa kwanza ameandika: huenda ni mara ya mwisho eti, basi ngoja niseme yote.